Sisi Kina Doyle wa Tukuyu

Kitambaa kipya kina harufu, na anayebisha hajawahi kulala chumba kimoja na marobota. Ni harufu ya wanga, ya rangi iliyochemshwa na ya mafuta ya cherehani, na ikipata unyevu hugeuka kuwa kitu kinachokaribia siki. Guangzhou, baridi inapoisha na joto halijaja, unyevu huo hauna pa kuukimbilia. Kuta hutoa jasho, sakafu huteleza kama imemwagiwa sabuni, shuka hulala nawe zikiwa mbichi. Mama alikuwa akifuta vioo vya madirisha asubuhi, na kufikia mchana vimelia tena. Tuliishi ghorofani, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, katika vyumba viwili, kimoja cha watu na kimoja cha mashati, na mashati yalipozidi yalihamia kwa watu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wengi husimulia utoto wao kwa sukari. Wangu una siki, na sioni sababu ya kuutia asali leo kwa kuwa tu nimekuwa mtu mzima.

Baba yangu, Elia Doyle, alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Mbeya. Kwao hasa ni Tukuyu, kwenye migomba na mvua isiyojua kukatika, na huko jina letu hutamkwa Doili, kana kwamba limechipukia palepale pamoja na viazi. Guangzhou jina hilo lilitutesa. Mwenye nyumba akilisikia kwenye simu alichangamka, akasema njooni mwone vyumba. Tukifika akatuona, alisema “meiyou”, hakuna, neno la kwanza la Kichina ambalo kila mmoja wetu alijifunza kwa kufungiwa mlango. Ndani ya basi watu waliziba pua tulipokaa. Wapagazi wa mtaa wa Guangyuan Xilu, waliokuwa wakikokota marobota makubwa kuliko wao, walituita “heigui”, pepo weusi, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, wakidhani hatuelewi. Baba kweli hakuelewa. Mimi nilielewa, kwa sababu nilisoma shule ya mtaani pamoja na watoto wao, na hayo niliyoyaelewa sikumtafsiria baba.

Dhidi ya yote hayo baba alikuwa na ngao moja tu, jina. Alikuwa na hadithi aliyorithi kwa babu, naye aliisimulia kwa yeyote aliyempa nafasi: kwamba baba yake babu alikuwa mhandisi kutoka Ayalandi, mtu mkubwa, aliyepima barabara za milimani kwetu, akampenda binti wa Kinyakyusa, akamwoa kanisani, akafa vitani kabla ya kumwona mwanawe. Akaacha jina. “Mwacha asili ni mtumwa,” baba alimalizia kila mara, huku akivuta kola ya shati lake. Mama, ambaye kwao ni Wasafwa na hakuwa na mzungu yeyote wa kujivunia, alikuwa akisikiliza hadithi ile kama mtu anayesikiliza mvua.

Balaa lilianzia soko la Shisanhang, kwenye duka la mama mmoja wa Kichina aliyekuwa akitia nakshi kwenye nguo. Tulimwita Laoban, yaani bosi, kama tulivyowaita wote. Duka lake lilikuwa jembamba kama ujia, na ndani yake mashine ndefu ilikuwa ikishona alama nyingi kwa mpigo, sindano zote zikishuka na kupanda pamoja, kwa kelele ya mvua ya mawe juu ya bati. Baba alikwenda kuagiza lebo za kawaida. Nilifuatana naye ili nimtafsirie. Juu ya meza, ndani ya kikapu cha plastiki, kulikuwa na rundo la beji mpya: ngao ya rangi ya fedha, vichwa vitatu vyekundu vya mnyama mwenye pembe za dhahabu, na chini yake, kwa herufi kubwa, DOYLE.

Baba alishika ukingo wa meza. Akaokota beji moja, akaigeuza, akaigeuza tena. “Muulize,” aliniambia, na sauti yake haikuwa yake. “Muulize hii ni ya nani.”

Laoban alijibu bila kuinua macho. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mzungu, alisema, mwenye darasa la Kiingereza la watoto kule kwenye majengo ya ofisi. Aliagiza beji za kushona kwenye sweta za wanafunzi wake. Jina lake ndilo hilo lililoandikwa.

“Ana jina langu,” baba alisema. “Atupele, mwambie huyu mama kwamba hilo ni jina langu.”

Nilimwambia. Laoban alimtazama baba kwa mara ya kwanza, toka viatu hadi nywele, akacheka kidogo, akasema kama ni jina lake basi naye anunue. Mchoro tayari ulikuwa ndani ya mashine. Baba akanunua. Papo hapo alibadili oda yote: mashati meupe ya mzigo ule, yaliyokuwa yaende Mbeya bila alama yoyote, yote yatiwe ngao ile kwenye mfuko wa kifuani. Njiani kurudi nyumbani alinunua machungwa, akanimenyea mwenyewe, na alikuwa akizungumza peke yake. Mungu, alisema, hakutuleta nchi hii bure. Ndugu yetu alikuwa mji huu huu.

Wiki hiyo hiyo nikaandikishwa darasa la Mwalimu Doyle. Dada wa Kichina wa mapokezi aliniandika Atu, kwa kuwa ndilo jina lililoingia kinywani mwake, na hakuuliza zaidi. Baba alinionya nisiseme lolote. Mashati yakiwa tayari angechagua lililo bora, aliweke kwenye mfuko mzuri, ampelekee ndugu yetu kama zawadi, na hapo ndipo angejitambulisha. Alikuwa anafanya mazoezi ya Kiingereza chake mbele ya kioo kinacholia machozi. Mama alimwambia, “Baba Atu, mtu hata hajakujua.” Baba akamjibu kwamba damu ni nzito kuliko maji. Damu nzito huganda, mama alisema, akaendelea kukatakata vitunguu.

Mwalimu Doyle alikuwa mrefu, mwenye shingo iliyowiva kwa joto na pete kidoleni yenye ngao ileile. Sitasema alikuwa mtu katili, maana ukatili unahitaji kukuona kwanza. Mimi hakuniona. Alipita kati ya madawati akisahihisha matamshi ya watoto wa Kichina kwa upole, akainama hadi masikioni mwao. Alipofika kwangu alisema “good” kabla sijafungua kinywa, akapita. Nilipewa sweta ya darasa, ya buluu, yenye vichwa vitatu kifuani. Sote tuliivaa. Ukingoni mwa ubao palitundikwa ngao kubwa ya mbao iliyopakwa rangi, na wazazi walipokuja kuwachukua watoto wao walipenda kupiga picha chini yake.

Jumamosi moja alisema tutajifunza majina ya ukoo. Kila mtoto angesimama, aseme jina lake la ukoo na maana yake, naye angeanza na lake. Alishusha ile ngao ukutani, akaiegemeza mezani, na nakiri alieleza vizuri, kwa mapenzi, kama mtu anayemweleza mgeni shamba la baba yake. Fedha ni unyofu, alisema. Wale wanyama ni ayala, mnyama ambaye mimi nilimjua kwa kumsikia kanisani tu. Ayala hapigani mpaka achokozwe. Chini palikuwa na maneno ya Kilatini, kwamba mtu hushinda kwa ushupavu. Kisha akaandika jina ubaoni kwa Kiairishi cha zamani na kulipasua katikati kwa chaki. Kipande cha kwanza, alisema, maana yake ni “eusi”. Cha pili maana yake ni “mgeni”. Hapo kale watu walikuja Ayalandi kwa majahazi kutoka kaskazini, mabaharia wakali, na wenyeji wakawaita hivyo: wageni weusi. Watoto wa wageni weusi ndio kina Doyle. Alitabasamu, akanyoosha mgongo.

Watoto walikuwa wakigeuza Kiingereza kuwa Kichina vichwani mwao. Jirani yangu wa dawati, Jingjing, msichana mwenye akili kama wembe na asiye na hila yoyote, ndiye aliyemaliza kwanza. “Hei,” alinong’ona akihesabu kwa vidole, “waiguoren.” Eusi. Mgeni. Akageuka, akanitazama, uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata jibu la hesabu, akasema kwa sauti ya darasa zima: “Basi ni Atu!”

Kicheko kilichofuata nakisikia hadi leo. Hakikuwa kicheko cha chuki. Kilikuwa cha furaha, na hicho ni kibaya zaidi. Mwalimu aliuliza kuna nini. Mvulana wa mbele akasimama, akamjibu kwa Kiingereza safi alichofundishwa naye: “Mwalimu, Atu ndiye Doyle wa kweli.”

Ningekaa kimya. Lakini jina lilikuwa langu, na walilicheka kana kwamba ni utani. Nikasimama, nikasema, “Ndiyo. Mimi naitwa Atupele Doyle.”

Uso wa mwalimu ulipanda rangi kutoka shingoni. Kwa mara ya kwanza aliniona. “Umelitoa wapi jina hilo?” akauliza.

“Kwa baba yangu.”

“Na baba yako?”

“Kwa babu.”

Alitikisa kichwa polepole, akawageukia wenzangu, wala si mimi, akawaeleza. Huko Afrika, alisema, wapishi na matarishi wengi waliitwa kwa majina ya mabwana zao. Si aibu, ni historia. Lakini kuitwa jina si kuwa wa ukoo. Akaitundika ngao ukutani. Aliyefuata akaitwa kueleza jina lake, la Kichina, lenye maana ya msitu. Niliketi nikiwa nimevaa sweta yenye ngao ile, katikati ya watoto wa Kichina waliovaa ngao ile, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa ameitoa wapi. Aliyeulizwa ni yule mwenye jina. Nilimchukia mtu yule siku hiyo kwa chuki kamili, ya mtoto, isiyo na tundu la kupenyeza huruma, na miaka yote hii nimeitafuta sababu ya kuipunguza, sijaipata.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa sakafuni anakunja mashati, ngao juu, ngao juu, mistari na mistari ya vichwa vyekundu. Nikamweleza. Alisikiliza bila kusimamisha mikono. Nilipotaja wapishi na matarishi mikono ilisita kidogo. “Hukukielewa Kiingereza chake,” alisema mwisho. “Wana lafudhi ngumu.” Kisha akachagua shati moja, akalipulizia vumbi lisilokuwepo, akalitia kwenye mfuko wa karatasi wenye utepe. Mama alimtazama, akanitazama mimi, akafumba macho.

Siku chache baadaye akaja shangazi Yustina kutoka Mbeya, kununua mali. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mwenye kibanda sokoni Mwanjelwa, mwanamke mnene wa mabega, mwepesi wa miguu, ambaye alibishana bei na Wachina kwa kikokotoo na kope za macho tu, na akashinda. Nilimpigia goti, “Shikamoo, shangazi.” Aliitikia huku akinivuta kwapani mwake, na macho yake yalikuwa tayari yameona mashati. Aliinua moja. Alisoma herufi zile kwa midomo.

“Elia, hii ni nini?”

“Nembo ya ukoo wetu, dada.”

Shangazi alilirudisha shati kwenye rundo kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha panya mfu. “Ukoo wetu,” alisema. Aliomba maji ya kuoga, akala ugali wa mama, akalala akigeukia ukutani.

Kesho yake tulikuwa sote kwenye kibanda cha baba, Guangyuan Xilu, ndani ya jengo la nguo ambalo korido zake hazina mwanzo wala mwisho. Shangazi alikuwa amekaa juu ya robota akila maandazi ya mvuke. Nilimwona Mwalimu Doyle kabla ya baba: kichwa chake kilipita juu ya vichwa vya wanunuzi, na mkononi alikuwa na shati letu, amelishika kwa kola kama mtu aliyemkamata mwizi. Laoban, katika kujisifu kwa kazi zake, alikuwa amemwonyesha.

Baba naye akamwona. Sikuwahi kuuona uso wa baba ukiangaza namna ile, si kabla wala si baadaye. Aliruka robota, akanyoosha mkono, akasema kwa Kiingereza kile alichokifanyia mazoezi kwenye kioo, “Ndugu yangu! Karibu, ndugu yangu!”

Mkono ulibaki hewani.

“Mimi si ndugu yako,” mwalimu alisema. “Nani amekuruhusu kutumia hii?”

Baba hakuushusha mkono mara moja. Labda alidhani hajaonekana. Kisha akaupeleka mfukoni, akatoa pasipoti, akaifungua ukurasa wa jina. “Mimi pia ni Doyle. Tazama. Babu yangu alitoka kwenu.”

“Nimekwisha mweleza binti yako. Watumishi walichukua majina. Ngao haichukuliwi. Ngao ni ya damu.” Alilitupa shati juu ya meza. “Unauza ukoo wangu sokoni kama soksi.”

Wanunuzi walikuwa wameanza kusimama. Mchina wa kibanda cha pili alizima redio yake ili asikie vizuri ugomvi asioujua lugha yake. Shangazi aliacha kutafuna. “Atu,” aliniita. “Anasema nini huyu?”

Nilimtafsiria, neno kwa neno, pamoja na watumishi na damu. Baba akasema, “Dada, niachie mimi.” Lakini shangazi alikuwa amekwisha kushuka juu ya robota, anapangusa mikono kwenye khanga.

“Mwambie hivi,” alisema. “Usipunguze. Mwambie mimi nililelewa na Tusekile, bibi yetu mzaa baba, nililala naye kitanda kimoja hadi nilipoolewa, na alinieleza mwenyewe. Huyo Doili wake alikuja Tukuyu kupima barabara. Akamchukua bibi ndani ya nyumba yake. Hakumwoa. Alipoona tumbo akamfukuza, na mtoto alipozaliwa alisema hamjui mwanamke yule.”

“Dada!” Baba alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima. “Baba alisema alikufa vitani.”

“Baba alisema alichoweza kusema mbele ya wenziwe. Atu, tafsiri.”

Nikatafsiri. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nayo ilisikika korido nzima.

“Bibi akampeleka mtoto kubatizwa. Padri akauliza, baba ni nani? Akasema Doili. Padri akasema taja jina jingine, maana alikuwa akila meza moja na huyo mzungu. Bibi akaketi mlangoni pa kanisa na mtoto mapajani. Akakataa kuondoka. Walimruka, walimvuka, walimtemea maneno, hadi watu wa kwao walimsihi. Ikafika Jumapili, na Doili mwenyewe akaja kusali, ikambidi anyanyue mguu kumvuka yeye na mtoto. Alipotoka ibadani akamwambia padri: mwandikie, jina halishibishi. Ndipo likaandikwa. Wiki ileile akaomba uhamisho.” Shangazi alisogea hadi akawa chini ya kidevu cha mwalimu. “Mwambie hatukupewa jina. Hatukuliokota jikoni. Tulimnyang’anya, mchana, mbele ya kanisa zima. Na hivyo vichwa vya mbuzi sisi hatukuviomba kamwe.”

Nilipomaliza, Mwalimu Doyle alikuwa ameacha kuwa mwekundu. Aliangalia pete yake. Alisema, taratibu zaidi, kwamba kina Doyle ni maelfu kwa maelfu, kwamba mtu yule hakuwa wa familia yake, kwamba haikuwa haki kumbebesha yeye.

“Kama si wa kwake,” shangazi alijibu nilipomtafsiria, “basi ile damu aliyoitaja imekwenda wapi? Au huja na kuondoka?”

Alisema atazungumza na uongozi wa jengo, akaondoka, na watu wakampisha. Kweli alizungumza nao: alasiri walinzi walikuja, wakatuamuru tuyaondoe mashati yale, na tuliyabeba wenyewe hadi barabarani, kwa kuwa wapagazi, walipoona tumefukuzwa, walikataa kutubebea. Darasani kwake sikurudi tena. Sweta mama aliikata vipande akapangusia vioo.

Lakini vita kubwa ilikuwa nyumbani. Baba hakumwambia shangazi asante, wala pole. Alisimama katikati ya chumba cha marobota, akamwambia, “Umenivua nguo mbele ya watu, Yustina. Mbele ya binti yangu.” Hakuwa amewahi kumwita kwa jina tupu.

“Nguo hizo ni za nani?” shangazi alimuuliza. “Unamvalisha kila kijana wa Mbeya alama ya mtu aliyemvuka bibi yako kama gogo, halafu mimi ndiye niliyekuvua?”

“Miaka yote hii ulijua. Ukaniacha niseme.”

“Kwa sababu ulikuwa unasema tu. Sasa umeanza kushona.”

Baba alimwonyesha mlango. Shangazi alifunga begi lake bila haraka, akambusu mama, akaniwekea kiganja kichwani, akaenda kulala kwa wafanyabiashara wenziwe. Wahenga wana methali nyingi za ndugu wanaogombana na wengine wakafikiri wamekosana. Hakuna hata moja iliyofaa nyumba yetu. Wawili wale walikosana kwelikweli. Mashati baba aliyasafirisha yote, na najua hakufanya hivyo kwa ajili ya biashara. Alitaka dada yake akutane nayo.

Akakutana nayo. Yalikuwa mashati mazuri, kitambaa kizito, na Mbeya waliyapenda. Wapanda bodaboda waliyavaa, wanakwaya waliyavaa, fundi wa redio aliyekuwa jirani wa kibanda chake aliyavaa mawili kwa zamu. Kwa miezi kadhaa shangazi alivumilia. Kisha siku moja, sokoni Mwanjelwa, kijana mmoja alisimama mbele yake anachagua soksi, akampa tabasamu na kifua chenye ngao, na shangazi akanyoosha mkono, akashika mfuko ule, akaung’oa. Mfuko wote, na sehemu ya shati. Kijana akapiga kelele, watu wakajaa, shangazi akapelekwa ofisi ya kata akiwa bado amekifumbata kitambaa kile, na alipoulizwa kwa nini amemvamia mteja alisema ni mambo ya kifamilia. Alimpa kijana shati jingine, akaomba radhi, akarudi kibandani.

Baba alipigiwa simu na mtu aliyedhani ni kichekesho. Nilikuwa karibu naye. Alianza kucheka, kweli alianza, kisha kicheko kikakatika, akabaki ameshika simu sikioni muda mrefu baada ya yule mtu kukata. Kesho yake tulikwenda Shisanhang. Laoban alimuuliza alama gani safari hii, na baba, bila kunitazama, akaniagiza nimwambie asishone chochote. Mzigo uliofuata ulikwenda Mbeya na mifuko mitupu, na hadithi ya mhandisi aliyekufa vitani haikusikika tena nyumbani kwetu. Hata hivyo hakumpigia dada yake simu. Walizeeka hivyo, hata baadaye tuliporudi Mbeya wakakaa mji mmoja, kila mmoja na kanisa lake, na shangazi alipofariki baba alichimba kaburi pamoja na vijana, akiwa mzee, hadi walipomnyang’anya jembe. Siuiti huo upatanisho. Jembe si neno.

Nami leo ni mnunuzi wa nguo. Guangzhou nakwenda mara kwa mara, peke yangu, na mji ule umenipungukia uadui kwa namna ya ajabu: sauti za kwetu mitaani zimekuwa chache, wengi wameondoka, wengi tunaagiza kwa simu, na wapagazi siku hizi hawana muda wa kumtukana mtu, wanatazama skrini. Nilitamani kusema kwamba watu wamekuwa wema. Wamekuwa na shughuli. Chuki niliyoijua nikiwa mtoto ilikuwa na macho, ilikutazama toka viatu hadi nywele. Ya sasa hukupita tu, na kuna siku sijui ni ipi iliyo nafuu. Watoto wangu hawaijui yoyote kati ya hizo. Wao huniuliza kwa nini siwapeleki, nami huwaambia viza ni ngumu.

Safari iliyopita, kwenye hoteli ndogo ya Huanshi Zhonglu, binti wa mapokezi, ambaye hata hakuwa amezaliwa zamani ile, alifungua pasipoti yangu, akasoma, akanitazama, akasoma tena. Vijana wa kule hujichagulia jina la kizungu shuleni, kwa hiyo aliuliza bila ubaya wowote: “Doyle. Hili ni jina lako la Kiingereza?”

“Hapana,” nilimjibu kwa Kichina. “Ni la bibi yangu.”

Akaitikia kwa kichwa, akaniomba nimtajie herufi. Nikazitaja moja baada ya nyingine, polepole, nikingoja kila moja mpaka aiandike.